Uzi: Historia ya kanisa letu la Baptisti hapa Eastlands, nisaidieni kabla wazee hawajaisha

MtotoWaJogooRoad

Wakuu salamu. Hii kitu nimekaa nayo karibu mwezi mzima nikaona niilete hapa, maana hapa kuna watu wa Eastlands wa kila umri. Kanisa letu la mtaa ni la Baptisti, hizi za ukuta wa mawe na paa ya mabati, liko upande wa Jogoo Road, jina sitalitaja kwa sababu kuna maneno ya ploti bado yako mbele ya wazee na sitaki kuyaharibu. Mkutano wa washirika ulikaa ukasema historia ya kanisa iandikwe, na vile mimi ndio nashika kompyuta ya ofisi kazi ikaniangukia. Nikasema amina, nikijua ni wikendi mbili imeisha.

Sasa skizeni nilichokikuta. Stoo ya nyuma ya mimbari kulikuwa na sanduku la bati, hizi za watoto wa bweni, kufuli imeshika kutu mpaka tukaikata na msumeno. Ndani kuna daftari nne za muhtasari wa mikutano, risiti za mbao na simiti zimefungwa na kamba ya gunia, na daftari moja la majina ya waliobatizwa. Paa inavuja hapo kwa kona siku nyingi na hakuna mtu alijua kuna sanduku, kwa hivyo daftari mbili za chini zimeshikana zikawa kitu kimoja. Nikajaribu kufungua ukurasa, ukabaki mkononi. Siku hiyo sikuendelea, nilifunga stoo nikaenda nyumbani.

Lakini si hiyo peke yake. Mbele ukutani tuna kibao, kinasema kanisa lilianzishwa na wamisheni, majina mawili ya wazungu, basi. Halafu nafungua daftari la kwanza, ukurasa wa kwanza, umeandikwa Kiswahili kwa mkono wa mtu aliyefinya kalamu sana, anasema wamekutana TENA nyumbani kwa mshirika fulani na wamezungumza juu ya kupata mahali pa kusalia. Hilo neno tena limeninyima usingizi. Kama huo ndio mkutano wa kwanza, mbona tena? Walikuwa wanakutana tangu lini, na ni akina nani?

Mwenye anajua hizi kanisa za Baptisti zilianza aje hapa Nairobi aseme. Na mwenye anajua kufungua karatasi zilizoshikana bila kuzirarua, tafadhali.

Mzee wa Kaloleni

Kijana wangu, umefanya vizuri. Mimi nimezaliwa Kaloleni nyumba za kanjo, sasa nimepita sabini, si Baptisti, mimi ni Anglikana wa St. Stephen's hapo Jogoo Road, lakini hawa watu nimekua nikiwaona.

Kwanza jua walikuja lini. Wamisheni wa Southern Baptist kutoka Marekani waliingia Kenya 1956, na wa kwanza hawakutoka moja kwa moja kwao, walihamishwa kutoka Nigeria ambako misheni yao ilikuwa ya miaka mingi. Sasa pima mwenyewe. Sisi Anglikana, Krapf alikuwa ashafungua misheni Rabai 1846. Kwa hivyo hawa wanafika miaka 110 baadaye, na nchi ilikuwa imekwisha gawanywa. Ukambani ni AIM, ile Africa Inland Mission, Ugikuyu kuna Presbiteri na Anglikana, Meru Methodisti, Maragoli ni Kwekaz, wale Marafiki (Friends), wa Kaimosi tangu 1902, huko Kendu Bay Sabato wako Gendia tangu 1906, na Katoliki wako kila mahali. Zamani ukitaja kwenu tu mtu anakutajia kanisa lako. Sasa mgeni wa 1956 atashika wapi? Alishika mjini. Walianzia Nairobi na Mombasa, na hapa Nairobi Shauri Moyo ilikuwa kati ya mahali pa kwanza kabisa, wakajenga kanisa na kituo cha jamii.

Na mtaa wenyewe wa Shauri Moyo uangalie. Watu wake wa kwanza wengi walitolewa Pangani ya zamani, serikali ilipoibomoa mwishoni mwa miaka ya thelathini. Mtu anavunjiwa nyumba, anaambiwa ahamie huko, basi ni kushauri moyo. Hapo ndipo Baptisti walipata watu, kwa watu waliohamishwa.

La mwisho, usisahau hali ya wakati huo. 1956 Nairobi ilikuwa ndani ya imajensi, ile hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau. Aprili 1954 askari walizingira mji, ile Operesheni Anvil, Wakikuyu, Waembu na Wameru zaidi ya 20,000 wakapelekwa kambini. Ukiona mtaa unaitwa Mbotela au Ofafa, hayo ni majina ya watu waliouawa mjini wakati huo huo. Imajensi iliondolewa Januari 1960. Kwa hivyo hao waliokuwa wanakutana nyumbani kwa mshirika, kijana wangu, chumba kimoja cha kanjo, jioni, watu kadhaa ndani, si jambo dogo. Usiandike kama walikuwa wanaenda chai.

Jirani_Makadara

Mimi ni Mkatoliki niulize tu bila ubaya. Si mwende kwa askofu wenu awape mafaili? Sisi parokia yetu ukitaka cheti cha ubatizo cha babu unapata, vitabu viko vyote hata vya kabla ya Uhuru.

Mpwani Nairobi

Jirani, hapo ndipo penyewe, Baptisti hawana askofu. Nitaeleza kidogo maana nimekuwa shemasi miaka mingi, nilianzia Mombasa nikahamia huku.

Kwa Baptisti kila kanisa linajitawala. Washirika ndio wanakaa mkutano, wanapiga kura, wanamwita mchungaji, wanamwachisha, wanakubali mshirika mpya, wanauza na kununua. Kuna umoja wa makanisa, Baptist Convention of Kenya, ulioundwa 1971, lakini huo si mkubwa wa kanisa la mtaa, ni makanisa yamekubaliana kufanya kazi pamoja. Halafu kuna Baptisti wengine ambao hawamo humo kabisa. Nairobi Baptist ya Ngong Road kwa mfano ilikua kivyake, ikianza na Wazungu waliokuwa wakiishi hapa mwishoni mwa miaka ya hamsini, na mchungaji wake wa miaka ya sitini Tom Houston alikuwa mtu wa Scotland, hakuwa wa misheni ya Marekani. Watu wa nje wanaona jina Baptist wanadhani ni nyumba moja.

Sasa tunda la kujitawala ni uhuru, na hasara yake ni hiyo sanduku ya bati. Hakuna ofisi kuu inayotunza vitabu vyenu. Kilichoandikwa na karani wa kanisa ndicho hicho, nakala hakuna pengine popote. Katibu akifa, mtoto wake akisafisha nyumba akauza karatasi kwa kilo kwa wenye kufunga mandazi, kanisa limepoteza akili yake. Nimeliona hilo kwa macho yangu kanisa nililokuwa nalo awali, daftari la miaka yote ya mwanzo lilipotea wakati wa kupaka rangi, na hadi leo wanabishana nani alikuwa mchungaji wa pili.

Na jambo jingine ndugu uliyeleta uzi, angalia lugha. Umesema daftari ni Kiswahili. Kanisa lingekuwa la kijijini lingeandikwa kwa lugha ya mama. Nyinyi mlikuwa Wakamba, Wajaluo, Waluhya, watu wa pwani, chumba kimoja, mtasalia lugha gani? Mimi naona Kiswahili ndicho kiliwafanya kanisa, kabla hata ya mabati.

Neno_Moja

Historia ya nini jameni. Roho za watu zinapotea hapo nje kwa pombe na betting nyinyi mnahesabu daftari. Hiyo pesa ya kuchapisha kitabu tengenezeni paa.

MtotoWaJogooRoad

Ndugu Neno_Moja nimekusikia, na paa tutatengeneza, fundi alikuja jana akapima. Lakini ni hiyo paa ndio imekula daftari mbili. Na hizo roho unazosema, humo ndani ya daftari ndio zimeandikwa. Kuna ukurasa wanazungumza kuhusu mshirika aliyeanza kunywa chang'aa, wakachagua watu wawili wa kumtembelea kila Jumanne, na miezi mitano mbele jina lake linatokea akiwa ndiye amepewa kushika mfuko wa sadaka. Nani leo anatembelewa kila Jumanne? Sisi tunamtoa kwa grupu ya WhatsApp.

Mzee wa Kaloleni na Mpwani, Mungu awabariki, nimeprinti maneno yenu nikapeleka kwa kamati.

BintiBuru

Bwana asifiwe wapendwa. Nimesoma huu uzi nikalia, nitaeleza kwa nini. Mama yangu alibatizwa kwenye kanisa la Baptisti la huko huko Jogoo Road na naamini ni hilo hilo lenu, sitauliza jina. Alikuwa anatuambia kanisa lao lilikaa miaka bila birika la ubatizo, na nyinyi mnajua Baptisti si kunyunyiza maji, ni kuzamishwa mtu mzima aliyeamini mwenyewe. Mto wa Nairobi ndio huo hapo chini lakini hata wakati huo ulikuwa ushachafuka. Kwa hivyo walikuwa wakiomba birika kwa kanisa lingine ng'ambo ya mji. Siku ya mama walipanda lori la mboga lililotoka kushusha Gikomba, waliobatizwa wamefunga nguo kavu ndani ya leso, na wakaimba kutoka Eastlands mpaka huko, na watu wa kando ya barabara wakidhani ni arusi wanapiga vigelegele. Aliporudi nywele mbichi baba yangu ambaye hakuwa ameokoka alikataa kuongea naye wiki mbili. Baadaye na yeye akaingia maji.

Ninachotaka kusema ni hiki. Mama alikuwa chama cha akina mama wa kanisa tangu nipate akili hadi akafa. Mawe ya hiyo kanisa, kama ndiyo hiyo, waliyabeba wao. Maji ya kuchanganya simiti yalitoka bomba la mtaa kwa debe kichwani, na foleni ya bomba ilikuwa inaanza saa kumi usiku ili wasiwazuie majirani. Misheni ilisaidia pesa ya mabati, sikatai na nashukuru. Lakini jina la mwanamke hata mmoja halipo kwa kibao chochote nimewahi kuona. Ukiandika hiyo historia na uandike wachungaji tu, utakuwa umeandika nusu.

Kijana_Umoja

Niaje watu. Mimi ni Baptisti pia, Umoja, na nimekuwa nikisoma mambo yetu online usiku na kuna kitu kilinishtua na hakuna mtu kanisani alikuwa ameniambia. Hiyo Southern Baptist ilianza 1845 mji wa Augusta, Georgia, na sababu kubwa ya kujitenga na wenzao wa kaskazini ilikuwa utumwa, walitaka mtu mwenye watumwa akubaliwe kuwa mmisheni. Wakaomba msamaha rasmi 1995, yaani miaka 150 baadaye. Na hao ndio walituma watu huku 1956. Sasa mimi nauliza kwa moyo safi, hiyo inaandikwa kwa historia ya kanisa la mtaa ama inaachwa? Juu nikiuliza pasta anasema ni ya kuleta mgawanyiko.

Mzee wa Kaloleni

Iandikwe. Mtoto akijua baba yake alikosa na akatubu hamheshimu kidogo, humheshimu zaidi. Mkificha atakuja kuambiwa na mtu mwingine huko nje, na huyo atamwambia kwa ubaya.

Mpwani Nairobi

Naungana na Mzee, lakini Kijana, soma na upande wa pili. Baptisti hawakuanza na hao. Walianza 1609, Waingereza wachache waliokimbilia Amsterdam kwa sababu serikali ya kwao ilikataa watu wasali nje ya kanisa la mfalme, na Thomas Helwys aliporudi London 1612 akaanzisha kanisa la kwanza la Baptisti kwenye ardhi ya Uingereza, akaandika kwamba mfalme hana mamlaka juu ya dhamiri ya mtu, akafia jela. Na mmisheni tunayetajiwa kila mara ni William Carey aliyekwenda Uhindi 1793, lakini kabla yake George Liele, mtu mweusi aliyezaliwa mtumwa huko Marekani akaachwa huru, alikuwa tayari Jamaica miaka ya 1780 anahubiri na kubatiza watumwa wenzake. Huyo ni Baptisti. Mweke kwenye historia yenu mbele kabisa, vijana wajue hii imani haikuletwa na mkono wa rangi moja.

Kijana_Umoja

Liele nilikuwa sijamskia hata siku moja. Miaka 12 ya Sande skuli. Asante mzee.

Karatasi_Kuukuu

Nafanya kazi na vitabu vya zamani, nijibu lile la daftari maana hakuna aliyejibu. Tafadhali usivute ukurasa wowote tena. Usianike juani, jua linaikausha karatasi inakuwa kama chapati ya jana na wino unafifia. Usipige pasi, nimeona mtu amepiga pasi rejista ya shule. Kama bado zina unyevu zisimamishe zikiwa wazi kidogo mahali penye hewa na kivuli, weka karatasi nyeupe isiyo na maandishi katikati pale panapofunguka penyewe, ubadilishe kila siku. Usitumie gazeti, wino wake unahamia. Kama zimekauka tayari zikiwa zimeshikana ziache hivyo hivyo, zifunge kwa kitambaa safi uzipeleke makumbusho ya nyaraka ya taifa pale Moi Avenue, lile jengo la zamani lililokuwa benki, ulizia watu wa kuhifadhi karatasi. Yale mawili mazima yapige picha ukurasa kwa ukurasa leo hii, kabla hujalala, na uweke picha mahali pawili tofauti. Na risiti pia. Watu hutupa risiti na risiti ndizo husema ukweli.

MtotoWaJogooRoad

Karatasi_Kuukuu umeniokoa. Nilikuwa nimepanga kuzianika Jumamosi juu ya mabati. Nimepiga picha zote, kurasa na risiti, kazi ya usiku mbili.

Nilete ripoti kidogo ya ninachosoma, maana kuna mengine sikutegemea. Karibu kila mkutano wanajadili ngoma. Kuna waliotaka ngoma na kayamba kwa ibada na kuna waliosema ngoma ni ya matanga na pombe. Walibishana mwaka na nusu! Wakapiga kura, kayamba ikapita, ngoma ikaanguka, na leo hapo mbele tuna dramu seti na kibodi na hakuna anayejua watu walitoka jasho namna hiyo. Halafu barua za uhamisho, mtu akihama mji alikuwa anapewa barua kwamba huyu ni mshirika wetu mwema mpokeeni. Ziko chungu nzima. Reli ilikuwa inahamisha watu, wengine wanaandikwa kazi yao karani wa reli, wengine mpishi wa nyumba ya mzungu Kilimani, wengine wauza mtumba.

Na kuna Jumapili moja haina kitu, mstari mmoja tu, hakuna ibada kwa sababu ya vita mjini. Nikaangalia tarehe, ni Agosti 1, 1982. Ile jaribio la kupindua serikali ilikuwa asubuhi ya Jumapili, sikuwahi kufikiria hiyo kwamba ni siku ya ibada. Nilipomuuliza mzee mmoja wa mashemasi akasema yeye na mlinzi walikuwa ndani ya kanisa tangu alfajiri wamekuja kufagia, wakalala chini ya viti hadi jioni wakisikia risasi upande wa mji. Hajawahi kuisema. Hakuna aliyemuuliza.

Hiyo ndio inanitia hofu. Julai 2020 tulipofungua kanisa baada ya korona, mtakumbuka serikali ilisema watu 100, ibada isizidi saa moja, na waliopita miaka 58 wasije. Sisi wengine tulirudi tukafurahi. Lakini wenye 58 kwenda juu ndio walikuwa na historia yote vichwani, wakabaki nyumbani, na wengine hawakurudi tena. Nimehesabu kwa daftari la ubatizo kurasa mbili za mwanzo. Ninaojua wako hai ni watatu.

Neno_Moja

Nimesoma hiyo ya Jumanne nikafikiria sana. Nirudishe maneno yangu. Kama mnahitaji mtu wa kubeba mabati Jumamosi niko Makongeni, nitumie ujumbe.

MtotoWaJogooRoad

Asante sana ndugu, nimekutumia.

BintiBuru

Na hao watatu umeenda kwao?

MtotoWaJogooRoad

Nimeenda kwa mmoja, leo ndio nimetoka huko, ndio maana nimenyamaza siku nne. Acha nieleze vizuri.

Ni shosh mmoja ana miaka tisini kasoro, anakaa na mjukuu wake huku Kayole, macho hayaoni vizuri lakini akili iko. Nilimpelekea sukari na majani, nikamsalimia kwa niaba ya kanisa, tukaomba. Nikaweka simu hapo mezani kurekodi, nikamwambia shosh nataka kujua kanisa lilianza aje. Akaanza na wazungu, walikuja na gari ndogo, mmoja alikuwa mrefu na Kiswahili chake kilikuwa kinachekesha watoto, alikuwa mtu mzuri. Nikajua ndio hadithi ya kibao. Nikamwacha amalize, halafu nikamuuliza, shosh, kabla ya hiyo gari?

Akanyamaza kidogo. Akasema kabla ya gari tulikuwa akina mama watatu.

Mmoja alikuwa wa AIC, kanisa la hao AIM, kutoka Machakos, mmoja wa Kwekaz kutoka Maragoli, na mmoja alikuwa Anglikana wa huko Taita. Kila mmoja kanisa la kwao lilikuwa mbali au linasalia lugha asiyoijua. Walikuwa majirani wa mlango kwa mlango, wanashiriki bomba moja na jiko moja la nje. Mtoto wa yule wa Maragoli akashikwa na homa, na wale wawili wakaenda kumwombea usiku. Mtoto akapona. Wakasema tusiache. Ikawa kila Alhamisi baada ya kupika, chumba cha huyu, wiki ijayo chumba cha yule. Stima haikuwa, kwa hivyo mwenye kualika anaweka chumba na mwenye zamu analeta mafuta ya taa ndani ya chupa ya soda, kifuniko ni gunzi la mahindi. Mmoja wao alikuwa anafua nguo kwa nyumba ya mmisheni, na ni yeye alimwambia, bwana, huku kwetu kuna watu wanaomba lakini hawana mwalimu, njoo. Hivyo ndivyo ile gari ilifika mtaani. Ilialikwa.

Sasa wakuu, mkumbuke risiti zile za kamba ya gunia. Kati ya risiti za simiti kulikuwa na karatasi ndogo ndogo nyingi, zimeandikwa kwa penseli, mafuta ya taa, senti kadhaa, na jina. Majina ni matatu tu yanazunguka, zamu kwa zamu, na nilikuwa nimeziweka kando nikidhani ni deni la duka limechanganyika na vitu vya kanisa. Karatasi_Kuukuu alisema zipigwe picha zote na mimi nilizipiga shingo upande. Nilikuwa nazo kwa simu hapo hapo Kayole.

Nikamsomea shosh jina la kwanza. Akasema huyo wa Machakos, alikufa zamani. Nikamsomea la pili. Akasema huyo ndiye aliyekuwa anafua, alirudi kwao Taita. Nikamsomea la tatu na hapo mjukuu wake aliyekuwa anaosha vyombo akageuka, kwa sababu ni jina la shosh mwenyewe, lile la kwao kabla ya kuolewa, hakuna mtu kanisani anayelijua. Ni yeye ndiye wa Maragoli. Na yule mtoto wa homa ni baba yake huyo mjukuu.

Akaniomba nilisome tena vile lilivyoandikwa, nikasoma herufi moja moja. Akasema wamekosea, wameacha herufi moja katikati, yule mwandishi alikuwa na haraka kila siku. Akanitajia vile inavyoandikwa na akasubiri mpaka nikaandika kwa daftari langu nikamsomea, ndio akarudi kwa chai.

Nimepeleka kwa kamati. Mambo ya kibao yataamuliwa na mkutano wa washirika, Jumapili ya mwisho wa mwezi, na mimi nitasimama kuongea hapo hata kama mikono inatetemeka. Kesho kutwa naenda kwa wa pili kati ya wale watatu, yuko Mlolongo. BintiBuru, nimeangalia daftari la ubatizo kwa jina ulilonitumia inbox. Mama yako yumo, ukurasa wa tatu, siku moja na wengine sita, na kando yake karani ameandika kwa wino mwekundu: lori la mboga. Njoo Jumamosi asubuhi kabla mafundi hawajaanza na paa, nitakufungulia uione.

BintiBuru

Nitakuja. Nitakuja na baba.